Foki ya Mwendo Mrefu ya Kubadilishia: ya 36 au ya 38, ya Upepo au ya Springi?

Foki ya mbele ikishachakaa kiasi kwamba gharama ya kuifufua inakaribia ile ya kununua nyingine, mwenye baiskeli ya milimani hukabiliwa na majina mengi yanayokaribiana: Fox 36 na Fox 38, RockShox Lyrik na Zeb, Marzocchi Z1, Manitou Mezzer, Öhlins RXF 36 na RXF 38. Zote hizi hupatikana zikiwa na mwendo wa milimita 160, yaani gurudumu la mbele linaweza kupanda kiasi hicho kabla foki haijagota, na baadhi yake hufika 180 au hata 190. Tofauti kati yake ni za kweli, lakini si zote zinazomhusu kila mnunuzi, na kwa maoni yangu wengi huzipima kwa mpangilio uliopinduka: huanza na dampa, yaani kifaa cha mafuta kinachodhibiti kasi ya foki kubonyea na kurudi, na kumalizia na vipimo vya fremu, ilhali vipimo hivyo ndivyo vinavyoondoa sehemu kubwa ya orodha kabla mjadala wowote haujaanza.

Vipimo vya fremu na gurudumu

Kipimo cha kwanza ni mwendo ambao fremu imeundwa kuubeba. Watengenezaji wengi wa fremu hutaja mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa, au urefu wa foki kutoka kwenye ekseli ya gurudumu hadi pale kichwa cha foki kinapokutana na beringi ya chini. Urefu huo ndio wa kutegemewa zaidi, kwa kuwa foki mbili zenye mwendo uleule wa milimita 160 zinaweza kupishana kwa milimita kadhaa. Kila milimita 10 zinazoongezeka hulaza pembe ya mbele kwa takriban nusu digrii na kuinua ekseli ya pedeli kwa milimita 3 au 4. Anayetoka 160 kwenda 170 ataona usukani umepanda kidogo na baiskeli imetulia zaidi kwenye mteremko, basi. Anayetoka 140 kwenda 170 atakuwa na baiskeli nyingine kabisa, ambayo kwenye mwinuko gurudumu lake la mbele huyumba na kutaka kuinuka, na ambayo shingo ya fremu yake inabeba mkazo ambao haikupimwa kuubeba, kwa sababu foki inaporefuka, kila breki ya mbele inayokamatwa kwa nguvu huizidishia shingo hiyo mzigo. Foki za vichwa viwili, kama Fox 40 au RockShox Boxxer, ziachwe kando isipokuwa mtengenezaji wa fremu ameziruhusu kwa maandishi.

Kipimo cha pili ni bomba la usukani, yaani lile linalotoka kwenye kichwa cha foki na kupita ndani ya shingo ya fremu. Karibu foki zote za mwendo mrefu zinazotengenezwa sasa zina bomba linaloanza na inchi 1.5 chini na kupungua hadi inchi 1 na 1/8 juu. Mwenye fremu ya zamani yenye shingo nyembamba ya inchi 1 na 1/8 moja kwa moja hana budi kutafuta foki ya zamani pia, ila kama tundu la shingo lina kipenyo cha milimita 44, maana hapo kikombe cha nje huweza kufungwa chini na kuipokea foki mpya. Kikombe hicho nacho huinua mbele ya baiskeli kwa milimita 10 hivi au zaidi, na urefu huo uhesabiwe pamoja na ule wa foki.

Kwa foki iliyokwisha kutumika, urefu wa bomba hilo ndio unaowaponza wengi. Bomba likiwa refu hukatwa, likiwa fupi halirefushwi, kwa sababu limeshindiliwa kwenye kichwa cha foki kiwandani na halibadilishwi peke yake. Hesabu ifanywe kwa rula, si kwa kukadiria: urefu wa shingo ya fremu, ongeza kimo cha vikombe vya beringi vinavyobaki nje juu na chini, ongeza pete zinazokaa chini ya stemu (kipande kinachoushika usukani), ongeza kimo cha stemu yenyewe pale inapokaza bomba, kisha toa milimita 3 ili kifuniko cha juu kipate nafasi ya kuvuta beringi. Ukipata 187 na muuzaji akasema bomba lake lina 185, bado unaweza kupona kwa kuondoa pete moja. Akisema 170, shukuru na uendelee kutafuta.

Kuhusu gurudumu, foki iendane na kipenyo kilichopo. Foki ya gurudumu la inchi 27.5 haipokei la inchi 29 kwa usalama hata kama tairi linaonekana kuingia, kwa sababu foki inapogota tairi huweza kugusa kichwa chake na gurudumu likasimama ghafla. Kinyume chake huvumilika: mwenye gurudumu la 26, ambaye sasa hapati foki mpya nyingi za mwendo mrefu, anaweza kufunga ya 27.5, mradi akubali kwamba mbele itapanda. Ekseli ya kawaida leo ni ya milimita 15 kwa upana wa habu (kitovu cha gurudumu) wa 110. Habu ya zamani ya upana wa 100 huweza kuingia kwa msaada wa pete za milimita 5 kila upande pamoja na ya kusogeza diski, lakini habu ya ekseli ya milimita 20 yenye upana wa 110 ya kizazi cha nyuma ni mtego, maana upana unalingana ilhali diski haikai mahali pale pale. Katika baadhi ya foki za RockShox utakuta pia kwamba kikalio cha habu ni kipana kuliko vifuniko vya habu za kawaida. Gurudumu hufungwa salama, ila kila unapolirudisha itakubidi ulishikilie kwa mkono mmoja na kutafuta tundu la ekseli kwa mwingine. Ni kero ndogo, na kwa anayevua gurudumu kila anapopakia baiskeli kwenye gari, kero ndogo hukua.

Breki nayo ina neno lake. Baadhi ya foki hupokea kalipa, yaani kifaa kinachoibana diski, moja kwa moja kwa diski ya milimita 180, nyingine huanzia 200. Adapta huweza kuinua kalipa ili itumie diski kubwa zaidi, lakini haiwezi kuishusha, kwa hiyo mwenye diski ya 180 akinunua foki inayoanzia 200 ajue kwamba diski mpya imeshaingia katika bajeti yake.

Ofseti, yaani umbali ambao ekseli imesogezwa mbele ya mstari wa usukani, huzungumzwa sana kuliko inavyostahili. Kwa magurudumu ya 29 ziko hasa mbili, ya 51 ya zamani na ya 44 ambayo ndiyo iliyoenea sasa. Iliyo fupi hufanya usukani uwe mtulivu na mzito kidogo kugeuka. Ukiweza kubaki na ile iliyokuja na baiskeli, baki nayo. Usipoweza, tofauti ya milimita 7 utaizoea.

Ya 36 au ya 38

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Namba hizi ni vipenyo vya mabomba ya juu, yale yanayoteleza ndani ya miguu ya chini. Lyrik ina mabomba ya milimita 35, Fox 36, Marzocchi Z1 na RXF 36 yana 36, Mezzer 37, na Fox 38, Zeb na RXF 38 yana 38. Mwaka 2020 Fox na RockShox zilitoa foki zao za 38 kwa kupishana muda mfupi, na tangu hapo baiskeli nyingi za mwendo wa 170 zikaanza kutoka kiwandani zikiwa nazo. Tokea hapo mnunuzi wa kawaida amejengewa imani kwamba 38 ndiyo foki ya watu makini na 36 ni ya wanaobana matumizi. Imani hiyo haina msingi mzuri.

Ugumu wa bomba dhidi ya kupinda, unene wa ukuta wake ukibaki uleule, hupanda takriban kwa mchemraba wa kipenyo. Kutoka 36 hadi 38 ni ongezeko la karibu asilimia 18. Kutoka 35 hadi 38 ni la karibu asilimia 28. Hizi ni hesabu za jiometri tupu, na viwanda hucheza na unene wa ukuta, umbo la kichwa na la upinde unaounganisha miguu, lakini zinatosha kuonyesha jambo moja: anayepima Lyrik dhidi ya Zeb ana sababu kubwa zaidi ya kusita kuliko anayepima Fox 36 dhidi ya Fox 38, kwa sababu hatua ya RockShox ni ndefu zaidi.

Ugumu huo hulipiwa kwa uzito. Foki ya daraja la 36 yenye upepo huwa na kilo 2 hivi, na ya 38 huongeza gramu 200 hadi 300. Kwenye mzani si kitu, ila gramu hizo zote ziko mbele kabisa ya baiskeli, mahali unapoinua gurudumu kuvuka gogo au kupachika mbele kwenye jiwe la mwinuko, na huko zinasikika. Faida nayo husikika mahali pamoja hasa: unaposhuka kwa kasi kwenye mawe yaliyolala upande, breki ya mbele imekamatwa nusu, na gurudumu linasukumwa kando huku likisukumwa nyuma. Foki nyembamba hapo hupinda, mabomba hubana bushi (pete za ndani ya miguu ya chini ambamo mabomba huteleza), msuguano hupanda, na foki inayopaswa kubonyea huganda kwa sekunde ile ile unayoihitaji. Foki ya 38 huendelea kuteleza. Mpandaji humaliza kona akiwa kwenye mstari aliouchagua, wala hajui ni nini hakikutokea.

Swali basi ni mara ngapi unafika mahali hapo na ukiwa na uzito gani. Mpandaji wa kilo 70 mwenye fremu ya mwendo wa 160, anayepanda mwenyewe kwa miguu kila mita anayoshuka, ataona hasara ya 38 mara nyingi kuliko faida yake. Kuna tatizo jingine ambalo halitajwi sana: kwa mtu mwepesi foki ngumu mno hupeleka kila kishindo mikononi, kwa kuwa mpindo mdogo wa foki ndio unaosaidia tairi kufuata mwamba ulioinama. Mpandaji wa kilo 95, au yeyote mwenye baiskeli ya umeme ambayo uzito wake hupita kilo 20 kwa urahisi, au anayetumia mwendo wa 170 na kuendelea, achukue 38 bila kujiuliza mara mbili. Kwa walio katikati ningeiweka Mezzer mbele ya macho, kwa sababu mabomba yake ya 37 hukaa kati ya madaraja haya mawili, uzito wake hauko mbali na wa daraja la 36, na mwendo wake hubadilishwa kwa pete za ndani kati ya milimita 140 na 180. Hilo la mwisho ni jambo kubwa kwa anayebadilisha fremu mara kwa mara, maana katika Lyrik, Zeb na foki za kisasa za Fox kubadilisha mwendo humaanisha kununua fito nyingine ya upepo. Umbo la Mezzer hushangaza wasioizoea, kwani upinde wake uko nyuma ya miguu badala ya mbele.

Usihamishe namba za pampu kutoka foki ya zamani kwenda mpya, hata kama ni za kiwanda kimoja. Katika Fox 38 upepo umefungiwa ndani ya bomba jembamba la pekee lililo ndani ya bomba la juu, ili bomba la nje likipinda pistoni isibanwe; kwa hiyo shinikizo linalohitajika ni kubwa kuliko la Zeb, ambayo hutumia upana wote wa bomba. Mwenye kuweka namba za Zeb ndani ya Fox 38 atagota kwenye jiwe la kwanza. Kinachohamishika ni kiasi cha kuzama: ukisimama juu ya pedeli katika mkao wako wa kushuka, pete ya mpira iliyo juu ya bomba ibaki kwenye asilimia 15 hadi 20 ya mwendo, yaani milimita 24 hadi 32 kwa foki ya 160.

Upepo au springi ya chuma

Upepo una sifa mbili ambazo springi haiwezi kuzifikia: wepesi, na uwezo wa kurekebishwa kwa uzito wowote wa mpandaji kwa pampu ndogo. Kadiri foki inavyobonyea, upepo hukazana kwa kasi zaidi, na ukazano huo wa mwisho huongezwa kwa kuingiza vipande vya plastiki vinavyopunguza nafasi ya hewa. Mezzer na RXF 38 zimekwenda njia nyingine: zina chemba ya ziada inayojazwa kwa pampu, hivyo sehemu ya mwisho ya mwendo hurekebishwa bila kufungua chochote. Mwenye subira ya kupima chemba mbili hupata foki inayosimama juu katikati ya mwendo na bado haigoti, jambo ambalo vipande vya plastiki hulitoa kwa shida. Asiye na subira hiyo atachanganyikiwa, na afadhali abaki na valvu moja.

Springi ya chuma, kama ile ya Marzocchi Z1 Coil au ya RXF 36 Coil, hubonyea kwa usawa kuanzia milimita ya kwanza. Haina sili za upepo za kuanzisha msuguano, haipotezi shinikizo wiki hadi wiki, na ubaridi wa asubuhi hauigusi. Kwenye mizizi midogo inayofuatana, ambapo foki ya upepo hugongagonga kidogo kabla ya kuanza kufanya kazi, springi hulainisha tangu mwanzo, na viganja vya mikono hufika chini ya mlima vikiwa bado na nguvu. Gharama yake ni gramu mia kadhaa juu ya foki ya upepo ya daraja hilo hilo, pamoja na ulazima wa kuwa na springi iliyo sawasawa na uzito wako. Springi huuzwa kwa hatua. Anayeangukia katikati ya hatua mbili huchagua kati ya laini mno na ngumu mno, na baiskeli inayoazimwa kwa ndugu wa kilo tofauti haitamfaa. Isitoshe, springi isiyo na breki ya mwisho ya mafuta hugota kwa urahisi zaidi kwa wanaoruka. Kwa waliokwisha kuwa na foki nzuri ya upepo, vipo vifaa vya kuigeuza kuwa ya springi, Smashpot ya Vorsprung kikiwa kimojawapo, nacho kina breki hiyo ya mafuta ndani yake.

Mimi ningempa springi mtu anayeshuka zaidi ya anavyopanda na asiyependa kugusa pampu. Kwa wengine wote upepo unatosha.

Dampa

Dampa ndiyo inayouzwa kwa sauti kubwa zaidi, na ndiyo iliyo karibu zaidi kwa ubora miongoni mwa foki hizi. GRIP2 ya Fox ina virekebishi vinne, vya kubonyea na vya kurudi, kila kimoja kwa mwendo wa polepole na wa haraka. Charger 3 ya RockShox ina viwili vya kubonyea na kimoja cha kurudi. GRIP ya kawaida, inayopatikana katika Z1 na katika foki za Fox za daraja la kati, ina kimoja cha kubonyea na kimoja cha kurudi.

Virekebishi vinne humsaidia anayejua kila kimoja kinafanya nini na aliye tayari kushuka njia ile ile mara kadhaa akibadilisha kimoja kimoja. Kwa asiyefanya hivyo, kila kirekebishi cha ziada ni nafasi ya ziada ya kukosea, na foki ya bei ya juu iliyorekebishwa vibaya hushindwa na ya kawaida iliyo sawa. Bajeti ikikulazimu uchague kati ya 38 yenye dampa rahisi na 36 yenye dampa ya kifahari, uzito wako na mwendo wa fremu ndivyo vichague, si idadi ya vitasa.

Ratiba ya matengenezo inastahili kuulizwa kabla ya kununua. RockShox hushauri miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekwa mafuta mapya kila saa 50 za kupanda, na dampa pamoja na upepo kila saa 200. Fox hutaja saa 125 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Kazi ya miguu ya chini huwezekana nyumbani kwa mwenye spana chache, nyundo ya mpira na mafuta sahihi. Ya dampa wengi humwachia fundi, na kabla ya kuchagua Öhlins au Manitou ni busara kujua kama fundi wako hupata sili zake.

Foki iliyotumika

Vipimo vyote vikilingana, foki iliyotumika ya daraja la juu mara nyingi ni bora kuliko mpya ya daraja la chini, lakini ikaguliwe kwa mikono. Kaza breki ya mbele, shika usukani, weka ncha ya kidole pale bomba la juu linapoingia kwenye sili, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma polepole. Kidole kikihisi bomba likicheza ndani ya mguu, bushi zimekwisha. Hamisha kidole kwenye beringi ya chini ya shingo na urudie, usije ukailaumu foki kwa beringi iliyolegea. Baadaye simama ubavuni, egemea usukani kwa uzito wako wote na kuuyumbisha kushoto na kulia ukisikiliza kichwa cha foki: mlio wa kukwaruza unaotoka pale mabomba yalipopachikwa ni dalili kwamba maungio yaliyoshindiliwa kiwandani yameanza kulegea. Hayakazwi kwa spana. Hubadilishwa kichwa na mabomba kwa pamoja.

Mwisho pangusa mabomba ya juu kwa kitambaa na kuyazungusha macho upande wa nyuma, ambako matope hurushwa na watu hawatazami. Mkwaruzo uliomo kwenye sehemu inayopita ndani ya sili, na ambao ukucha hukwama ukiupitia, utakula sili mpya kila utakapoziweka. Ukiwa juu karibu na kichwa, mahali ambapo foki hufika inapogota tu, ni suala la bei na si la kukataa.